Jinsi ya Kuiandikia Halmashauri Mpango Mkakati Bila Kuisumbua

Hongera kwa ajira, afisa mipango. Umepewa kompyuta mpakato, kiti kinachoyumba na agizo moja: halmashauri iwe ya kisasa ifikapo mwaka 2050, na rasimu iwe mezani kwa Mkurugenzi Ijumaa. Usihangaike. Anayekuandikia ni mtu wa Nakapanya, na sisi wa Nakapanya mipango ya muda mrefu tunaijua kwa kuiishi.

Ukitoka Songea unapita Namtumbo, unapita Tunduru, halafu unatufikia sisi kabla hujaingia Nanyumbu. Kwa miaka jina letu liliheshimika sana kwenye nyaraka za barabara: Mangaka–Nakapanya kilomita 70.5, Nakapanya–Tunduru kilomita 66.5. Waliokuwa mbali walitujua kama kistari, pale mkandarasi mmoja anapoishia na mwenzake anapoanzia. Masika ikishika, magari ya Songea na Masasi yalilala kwenye tope, abiria wakakoka moto na kubandika uji, huku kwenye karatasi tumeshapata lami. Nisiwe mwizi wa fadhila, lami ilikuja, na leo Masasi unakwenda na kurudi ukiwa na shati lako lile lile. Ila somo la kwanza umelipata: karatasi hutangulia, gari hufuata likijaliwa.

Basi anza kwa kuchagua mwaka. Uishie na sifuri au tano, na uwe mbali kiasi kwamba siku hiyo utakuwa umestaafu, au angalau umehamishiwa Katavi. Usiogope mwaka kufika mambo yakiwa hayajatimia. Dawa yake ni kuzindua mwingine mapema. Dira ya Taifa ya 2025 haijaumaliza mwaka wake, ya 2050 ikazinduliwa Julai ya mwaka huo huo, ikiwa na uchumi wa dola trilioni moja ndani yake.

Wakikuuliza mfano wa subira, wape Dodoma. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia huko makao makuu, na kazi ilipangiwa miaka kumi. Ukaja mpango kamambe wa mwaka 1976, umechorwa na kampuni ya Toronto. Iliundwa pia mamlaka maalumu ya ustawishaji, CDA. Miaka kumi ikapita, ikapita mingine kumi, na mingine tena, mawaziri wakawa wanakwenda Dodoma kwa ajili ya Bunge na kurudi Dar es Salaam kwa ajili ya kila kitu kingine. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasimama na kusema tunahama, na watu wakahama kweli. CDA yenyewe ikavunjwa mwaka 2017, yaani makao makuu yalipoanza kustawi ndipo mamlaka ya kuyastawisha ilipozikwa. Mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji. Hadithi hii itumie kwa uangalifu, maana mjanja mmoja anaweza kuuliza ni karatasi zipi hasa zilizohamisha serikali.

Dira na dhima zisikuumize kichwa. Chukua maneno haya: endelevu, shirikishi, jumuishi, stahimilivu, yenye tija. Yatikise kama karanga kwenye ungo na uyamwage kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha fanya jaribio: nenda kwa mama muuza mihogo wa stendi, umsomee. Akikuelewa, rudi ofisini haraka, umeharibu.

Sasa ushirikishwaji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuna utaratibu mzuri uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo kijiji kinakaa chini na kutaja chenyewe vipaumbele vyake. Utafika na bango kitita lako lenye safu za lengo, shughuli, kiashiria na mhusika. Utabandika kwenye ukuta wa darasa. Watu watakutajia maji, dawa za zahanati, na tembo. Huku kwetu tembo ni jambo zito: anaingia shambani usiku, asubuhi umebaki na nyayo. Lakini tembo hana safu kwenye bango kitita. Usibishane na wananchi, mwandike chini ya “changamoto mtambuka”, pamoja na UKIMWI, jinsia na mabadiliko ya tabianchi. Atakaa humo kwa amani, na shambani pia atakaa.

Jiandae kwa bibi wa mstari wa mbele. Yupo kila kijiji. Utamwamkia, ataitikia marahaba, halafu atasema: “Mwanangu, mwaka juzi alikuja mwenzio akaandika haya haya. Karatasi yake imeisha?” Mjibu kwamba hii ni awamu ya pili.

Vipaumbele vikishakusanywa, usithubutu kuvichambua kijijini. Mpango wa Nakapanya hauwezi kuandikwa Nakapanya. Pana kelele za bodaboda, na anayelala kwake halipwi posho ya kulala nje. Timu ya wataalamu sharti ijichimbie, na machimbo mazuri yapo Morogoro, penye ukumbi wenye kiyoyozi na supu saa nne. Siku ya kwanza ni utambulisho na itifaki. Siku ya pili mwezeshaji anafundisha nguvu, udhaifu, fursa na vikwazo. Siku ya tatu mnachukua mpango wa miaka mitano iliyopita na kubadilisha tarehe. Ya nne ni kufunga. (Sisemi halmashauri yetu, nasema ya jirani. Na jirani ukimuuliza atasema yetu.)

Kwenye sura ya usasa ndipo utakapong'ara, maana mifumo ipo tele. PlanRep ya mtandaoni tangu 2017, kwa hiyo kitabu cha bajeti hakihitaji tena kusafirishwa na boksi lake hadi Dodoma. MUSE kwa malipo, NeST kwa manunuzi, TAUSI kwa leseni na mapato, kontro namba kwa kila shilingi inayoingia. Mimi si mpinga mashine, mimi huyu huyu nilishuhudia zama za vitabu vya risiti vyenye nakala mbili zisizofanana. Ila zingatia kanuni ya ofisi: kila mfumo uwe na karatasi nyuma yake. Barua ikiingia kwa kompyuta, ichapwe, igongwe muhuri, ifunguliwe jalada masijala, iandikiwe dokezo, isainiwe na kaimu, kisha ipigwe picha na kurudishwa kwenye kompyuta. Mwananchi akiuliza imefikia wapi, jibu ni moja: mtandao unasumbua.

Hapa niache utani kidogo, maana jambo lenyewe linanikera. Ukiitazama mifumo hiyo yote, utaona mkono wa kupokea ndio uliosomeshwa zaidi, wa kutoa bado uko chekechea. Fuso la mahindi likifika kwenye geti la ushuru, mashine ya POS inatema risiti kabla dereva hajazima injini. Mnada wa korosho nao umehamia kwenye kompyuta za soko la bidhaa, bei zinaonekana papo hapo. Lakini pampu ya kisima ikiharibika, taarifa inasafiri kwa miguu: kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kijiji, kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na kuendelea, na kila inapofika hukuta mhusika yupo semina. Pampu haina kontro namba. Kwenye mpango wako andika “kuimarisha utoaji wa huduma” na uvuke upesi.

Kwenye makisio ya mapato, sisi watu wa kusini tuna mhimili mmoja: korosho. Chukua tani, zidisha kwa bei, kokotoa ushuru wa asilimia 3, umemaliza. Ila acha nafasi pembeni ya ukurasa. Novemba 2018 wanunuzi walisita kupandisha bei, Rais akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Mipango mikakati ya wilaya zetu ilikuwa na sehemu ya vihatarishi: ukame, wadudu, kuyumba kwa soko. Malori ya jeshi hayakuwemo.

Miradi usiipangie muda mwingi. Wananchi watafyatua tofali na kupandisha boma la darasa hadi usawa wa renta kwa nguvu zao, na wewe utaliandika kama mafanikio. Likisubiri bati kwa miaka, liandike tena kama fursa. Ikisikika kwamba Mwenge unapita, kila kitu kitapakwa rangi.

Mwisho kuna kipengele ambacho wenzako wote hukiruka, nami nakuomba usikiruke. Sheria ya Serikali za Mitaa ni ya mwaka 1982. Inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo wananchi wanaposomewa mapato na matumizi yao. Hauhitaji mfumo, mshauri mwelekezi wala Morogoro. Unahitaji mwembe, mtu wa kupiga mbiu, na mtendaji anayeweza kusoma tarakimu kwa sauti bila kukohoa. Bibi yule atakuwepo, na ataketi mstari wa mbele. Ukimaliza rasimu yako njoo nayo, lakini kwanza lete daftari la mapato na matumizi.