Nyumba Imefaulu, Mpangaji Anatetemeka

Huku Uingereza nyumba nayo ina cheti. Huruhusiwi kuiuza wala kuipangisha bila karatasi inayoonyesha inakula nishati kiasi gani, kwa herufi kuanzia A mpaka G. Mambo haya yalianza 2007 kwa nyumba za kuuzwa, na mwaka uliofuata yakatufikia sisi wapangaji. Nia yenyewe siipingi. Ni vizuri mtu ajue kabla ya kusaini mkataba kama atakuwa anapasha joto sebule au anapasha joto mtaa. Ninachonung'unikia ni kwamba wanaipima nyumba, lakini anayelala ndani hawamuulizi hata hujambo.

Mkaguzi wetu alikuja 2019, kijana mstaarabu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akapima vyumba, akapima unene wa ukuta, akapiga picha mtambo wa kupasha maji, akachungulia darini kuona kama kumetandikwa sufi ya kuzuia joto lisitoroke. Kisha akaanza kuhesabu balbu. Balbu! Za sebuleni, za jikoni, mpaka ile ya ngazini ambayo haijawahi kumsaidia mtu. Bili zetu za gesi, nilizokuwa nimezipanga mezani kwa tarehe, hakuzigusa. Akanieleza kwa upole kwamba hesabu yake haitumii bili za mtu. Inachukulia kwamba anayeishi humu ni mtu wa kawaida, na sebule yake iko kwenye nyuzi 21.

Mke wangu akatoa mikono kwenye koti. "Baba Asha, hebu muulize huyo mtu wa kawaida anakaa wapi, tuhamie kwake."

Majibu yakaja: E. Nilipompigia shangazi Tanga, swali lake lilikuwa moja tu, imefaulu au haikufaulu? Imefaulu, shangazi. England na Wales, tangu Aprili 2018, mwenye nyumba haruhusiwi kuingia mkataba mpya kwa nyumba ya F au G, na 2020 sheria ikawafikia hata wapangaji waliokuwa ndani tayari, isipokuwa mwenye nyumba awe amesajili sababu inayokubalika. E ndiyo mstari wa mwisho. Yetu imepita kama mtoto wa kidato cha nne mwenye divisheni foo, na baba yake anatamba mtaa mzima.

Cheti kina ukurasa wa ushauri, na ushauri wenyewe ni mtamu. Kuta hizi za matofali ya zamani zifunikwe kwa ndani. Madirisha ya kioo kimoja yawekwe ya vioo viwili. Paneli za sola zipandishwe juu ya paa. Lakini nyumba ikishafika E, hayo yote yanabaki maoni. Kuna pia makadirio ya gharama za mwaka, ambayo siku hizi siyasomi usiku. Yalipigwa kabla ya 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na bei ya gesi ikapaa na amani yangu.

Faida moja nimeiona, nami sioni haya kuisema. Vyeti hivi viko wazi mtandaoni, ukijua anwani unasoma bure. Nimeshaupitia mtaa mzima. Yule jirani anayetuhutubia kuhusu gari lake la umeme, nyumba yake ni F. Sasa nikikutana naye namsalimia kwa huruma.

Majuzi nikamwandikia mwenye nyumba kuhusu dirisha la chumbani. Nikaandika kwa heshima zote, kwamba upepo unaingia na watoto wanakohoa. Akajibu kwamba cheti kinadumu miaka 10, kwa hiyo mpaka 2029 nyumba haina tatizo. Nikamtumia video ya pazia likicheza na dirisha limefungwa kabisa. Akanirudishia kidole gumba.