Mtani Kaja Kupumzika

Daktari aliniandikia mapumziko. Nikafunga vitabu vya hesabu vya watu, nikapanda treni ya Reli ya Kati hadi Tabora, nikapanga nyumba Kwihara, karibu na tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Naye alikuwa hoi. Stanley aliporudi pwani mwezi Machi, mzee alibaki hapo hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka Zanzibar. Kabla yao, mwaka 1857, Burton na Speke walikwama huku wiki kama tano, kwa kuwa wapagazi wao walikuwa wamefika kwao na kila mmoja alishika njia ya nyumbani. Nikaona hapa ndipo mahali pa mtu asiye na haraka.

Ila cheti cha daktari hakikutaja kwamba mimi ni Mzaramo. Wanyamwezi, wenyeji wa huku, walipita Uzaramo na mizigo yao miaka na miaka, na utani wa safari zile haujafa. Jirani aliponiuliza kabila, nilimjibu kwa adabu. Asubuhi yake jogoo wangu hakuwika. Nilimkuta chunguni kwa jirani.

"Karibu ugali, mtani! Huyu alikuwa anawika Kizaramo, anasumbua watu."

Ukinuna umekosa, na faini ni jogoo mwingine. Nilikula. Alikuwa mtamu, kusema kweli, na nilifungiwa michembe ya kuondokea.

Mpango wangu halisi ulikuwa asali. Nilitundika mzinga juu ya mti, maana nyuki huku hawanunuliwi. Wanakuja wenyewe wakipenda. Wakati nikiwangoja nilipiga hesabu ya mapato ya miaka mitano, yenye safu ya uchakavu wa mzinga. Kundi likaja kweli, likapita mzinga, likaingia darini, juu ya kitanda changu. Usiku kucha walinguruma kama kikao cha bajeti. Mrina asali aliyeitwa na jirani alikuja na moshi, akachungulia, akashuka.

"Hawa wameshapenda. Labda uhame wewe."

Sasa nalala sebuleni kwa mla jogoo, pamoja na wajukuu zake, ambao hawalali. Kikundi cha wafuga nyuki cha hapa kimesikia kazi yangu, kikaniletea stakabadhi zake zote kwenye ndoo iliyokuwa ya asali. Zimenatana. Nazibandua moja moja kwa maji ya vuguvugu, na kila inayotoka jirani anailamba kwanza, anasema anahakiki.