Toleo Jipya na Sifa Zake

Toleo jipya la kitabu halina mtetezi. Mzazi wa Unguja hulilaani kila mtaala unapobadilika, akaambiwa kitabu alichosomea kaka hakimfai tena mdogo wake. Muuza vitabu naye hulilaani akiliangalia rundo la toleo la zamani lililomdodea. Nimeona ni dhuluma. Hakuna kitu kilichochapishwa kinachofanya kazi kubwa kama toleo jipya kwa ujira wa matusi, na leo nitalisifu mpaka wenye wivu wanune.

Anayetaka kuuona utukufu wake kamili aachane na vitabu vya skuli, ambavyo hubadilika kwa amri ya wizara. Atazame mahali ambapo mnunuzi hulazimishwa na nafsi yake tu, yaani kwenye Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa mwaka 1974 huko Lake Geneva, Marekani, na Gary Gygax na Dave Arneson kupitia kampuni ya kina Gygax, TSR. Mchezo wenyewe ni maneno. Watu wanne au watano wanaizunguka meza. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani, huyu mpiga upanga, yule mchawi, na dadu zinaamua nani apone na nani aliwe na zimwi. Sanduku la kwanza lilikuwa na vijitabu vitatu, liliuzwa dola 10, na zilitoka nakala 1,000.

Mtu wa akili za kawaida angesema biashara imekwisha hapo. Mnunuzi ana kanuni, ana kalamu, ana dadu, ana ulimi wake mwenyewe. Auziwe nini tena?

TSR ilimuuzia kanuni zilezile, zimenenepeshwa, zikakatwa mapande matatu kama samaki wa mnada, kila pande na mwaka wake. Tena angalia mpangilio, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Kitabu cha mazimwi kilitangulia mwaka 1977, cha mchezaji kikafuata 1978, na cha msimulizi 1979. Yaani kwanza unalinunua zimwi, halafu unangoja mwakani kanuni mpya za kupigana nalo. Ndani ya kitabu cha mazimwi walikuwamo djinni na efreeti, majini watupu, wamepimwa nguvu na kasi kama wanaokwenda kukata leseni. Sisi majini tumekaa nao tangu mababu, na hatujapata hata senti ya haki miliki. Shetani wetu Popobawa aliwalaza watu nje ya nyumba zao mwaka 1995, Pemba na Unguja, akasambaa kwa midomo mitupu bila hata karatasi moja ya tangazo. Mali iliyoje hiyo kupotea!

Mwaka 1989 likaja toleo la pili, na humo nathubutu kusema binadamu alifika kilele. Mazimwi hayakuwa tena kitabu. Yalikuwa kurasa zilizotobolewa matundu, za kupachikwa kwenye jalada la ofisini, na furushi jingine la kurasa likiuzwa kila baada ya muda. Kitabu kisicho na ukurasa wa mwisho! Mashetani, ambayo wazazi wa Marekani walikuwa wakiyapigia kelele, yaliachwa nje kwa heshima. Mwaka 1991 yakarejea na majina mapya, kwenye furushi la kununua. Mganga wetu humtoa pepo mara moja akaridhika na ubani wake. Hawa walimtoa kwa faida, wakamrudisha kwa faida.

Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000, chini ya kampuni ya Wizards of the Coast iliyoinunua TSR mwaka 1997. Miaka mitatu baadaye likaja la tatu na nusu. Nusu! Nani pale sokoni Darajani amewahi kumtazama mteja usoni akamuuzia nusu ya upya? Kisha la nne mwaka 2008, na la tano 2014.

Wanaolisengenya toleo jipya hudai linaua la zamani. Uongo mtupu. Kitabu cha zamani hakiozi, hakipigwi marufuku, na kanuni zake zinacheza vilevile kama siku ya kwanza. Ila mchezo ni wa watu watano. Wanne wakihamia toleo jipya, wa tano anabaki na kitabu kizima, safi, na hana wa kucheza naye. Hakuna aliyemtisha, hakuna aliyemdanganya. Marafiki zake mwenyewe ndio mawakala, nao hawadai kamisheni. Papasi wa Forodhani, anayemfuata mgeni kutoka ngazi ya boti mpaka mlango wa hoteli kwa ajili ya safari moja ya viungo, angelia akiambiwa hayo.

Hata ugomvi haulidhuru toleo jipya. Januari 2023 kampuni ilijaribu kubadilisha leseni iliyowaruhusu wengine kutunga juu ya mchezo huo, wateja wakaghadhibika, wakafuta usajili wao, kampuni ikarudi nyuma. Mwaka uliofuata likatoka toleo jingine la kitabu cha mchezaji, na kampuni ikatangaza kuwa bidhaa ya mchezo huo haijawahi kuuzika kwa kasi kama hiyo. Kitabu cha mazimwi safari hii kikawekwa nyuma, Februari 2025, maana baada ya miaka hamsini mteja ameshazoea kusubiri.

Sasa tujitazame. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi alitupatia mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, na akamrudisha katika Kisima cha Giningi, 1968. Kosa lake ni kumaliza. Kila kitabu Bwana Msa anavuta kiko chake, anafumbua fumbo lote, na msomaji analala ametosheka. Mteja aliyetosheka ni hasara kwa mchapishaji.

Na bao je? Mashimo 32, kete 64, mchezo mgumu wa kumtoa mtu jasho kivulini, na hauna mwenyewe. Kanuni zake zimo vichwani mwa wazee wa barazani. Shimo unaweza kulichimba mchangani, kete ukaziokota. Kitabu kikubwa juu ya akili za mafundi wa bao wa Zanzibar, Limits of the Mind, alikiandika Mholanzi, Alexander de Voogt, mwaka 1995, na fundi aliyesomwa humo hakuhitaji kukinunua ili ashinde kesho yake.

Aibu hii inatibika. Napendekeza Bao, Toleo la Pili. Sanduku la kwanza litakuwa na ubao na zile kete 10 ambazo kila mchezaji huanza nazo ubaoni. Zile 22 za mkononi zitatoka mwakani, kwenye sanduku lenye picha tofauti. Kitabu cha Namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kitauzwa peke yake, na cha Mtaji, hatua ya pili, peke yake. Kitabu cha Nyumba, lile shimo kuu, kitakuwa na jalada la ngozi kwa wanaojiheshimu, na la karatasi kwa wengine. Wazee wa baraza la Jaws Corner watasema wanacheza bila kitabu tangu utoto wao, nasi tutawajibu kwa adabu, shikamoo kwanza, kwamba hilo ni toleo la zamani. Najua pia kuna wajanja watakaokwenda kuchuma komwe, mbegu zinazofaa kuwa kete, bure kwenye vichaka vya ufukweni. Ukurasa wa kwanza utawahi kuwaambia: komwe za ufukweni hazitambuliwi na toleo hili.