Mjomba Wino Awajibu Wenye Kalamu za Mamilioni

Msimu wa matoleo mapya umewadia na barua zimenijaa mezani. Kampuni zimeshatoa kalamu zao za wino za idadi maalumu, wakusanyaji wamenuna, na walionuna ndio hao hao walioweka oda siku ya kwanza. Nimechagua barua chache. Nyingi ya zilizobaki zilikuwa matusi kuhusu rangi ya kifuniko.

*Mjomba, shikamoo. Nimepata kalamu ya toleo maalumu, namba yangu imechongwa kifunikoni. Sijaitia wino hata tone. Wenzangu wananisifu kwamba nimewekeza, ila mdogo wangu ananicheka. Nikiitia wino itashuka bei? — Mlinzi wa Sanduku, Nairobi*

Marahaba, mpwa wangu. Itashuka, nikudanganye ili iweje? Kalamu ambayo nibu yake haijaonja wino huuzwa ghali kuliko iliyokwisha kuandika japo jina la mwenyewe. Wapo wanaotunza hadi kibandiko cha dukani na boksi la nje la karatasi.

Lakini hilo neno "nimewekeza" lina hadithi. Mwaka 1992 Montblanc, wale Wajerumani wa Hamburg, walitoa kalamu ya Hemingway, ya kwanza katika mfululizo wao wa waandishi. Walitengeneza 20,000. Elfu ishirini, na bado ikaitwa ya idadi maalumu! Kweli ilipanda bei, tena sana, ndiyo maana kila mkusanyaji anayetaka kuhalalisha deni lake huitaja hiyo. Hataji zile nyingine chungu nzima zilizokuja baadaye, ambazo leo mkono wa pili haziuziki hata kwa bei ya dukani, bali chini yake. Na Hemingway mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa penseli na mashine ya taipu.

Basi fanya hivi. Tafuta wino wa kalamu, si ule wino mzito wa wachoraji, maana ule ukikaukia ndani umekwisha. Kama kalamu yako ni ya pistoni, zungusha kitako chake kinyume cha mwendo wa saa mpaka pistoni ishuke, tumbukiza nibu yote kwenye chupa, kisha uzungushe kurudi taratibu. Utaona wino unapanda kwenye kidirisha. Rudisha matone mawili matatu chupani, ufute nibu kwa kitambaa laini. Halafu mwandikie mdogo wako barua, umwambie alikuwa na haki ya kucheka.

*Mjomba, mume wangu aliniambia kalamu yake mpya ni rial 60. Nikiwa nafagia nimeokota risiti: ni 600. Nimfanyeje? — Mke wa Mkusanyaji, Muscat*

Mwanangu, usimgombeze. Irudishe risiti pale pale ulipoiokota, halafu mwombe akuazime kalamu uandikie orodha ya vitu vya sokoni. Mtazame uso. Akikuazima, huyo ni mume wa kutunzwa. Akikuletea biki, nenda kwa sonara ukachague cha rial 600, na ukiulizwa useme 60.

*Mjomba, kampuni imetoa kalamu ya kumuenzi mtu aliyeishi kimaskini maisha yake yote, na bei yake ni ya gari. Nimekasirika sana. Kisha nimeagiza. Nina wazimu? — Mwenye Hasira na Risiti, Dubai*

Wazimu huna, mpwa wangu, una wenzako tu. Jambo hili lilishatokea, na likafika mahakamani.

Mwaka 2009, ilipotimia miaka 140 tangu Mahatma Gandhi azaliwe, Montblanc walitoa kalamu ya dhahabu kwa jina lake. Mafundi waliizungushia uzi wa dhahabu kwa mkono, ufanane na nyuzi za pamba kwenye pia aliyosokotea mzee yule. Kwenye nibu wakamchonga mwenyewe akitembea na fimbo yake. Wakatoa kalamu 241, kwa kuwa matembezi ya chumvi ya mwaka 1930, kutoka Sabarmati hadi Dandi, yalihesabiwa maili 241. Bei ilizidi rupia milioni moja.

Sasa fikiri. Mtu ametembea kwa miguu wiki zaidi ya tatu kwenda kuokota chumvi ufukweni kwa sababu wakoloni wameitoza kodi chumvi ya maskini, halafu kila maili aliyokanyaga inageuzwa kalamu moja ya tajiri. Mtu aliyewahimiza watu wake wavae kitambaa walichosokota wenyewe na wasiguse cha nje, anauzwa na Wajerumani! Na kalamu ya kienyeji alikuwa nayo: fundi mmoja wa mji wa Rajahmundry, Ratnam, alimtengenezea, na mwaka 1935 Gandhi akamwandikia barua ya kuisifu.

Wakusanyaji waligawanyika kama unavyogawanyika wewe peke yako. Wengine walisema ni dhihaka, wengine wakasema ni heshima, na wengine wakauliza kama namba 1 bado ipo. Kitukuu wake, Tushar Gandhi, aliiunga mkono kazi hiyo, na kampuni ikaichangia taasisi yake. Mgala muue na haki yake mpe: fedha zile zilikusudiwa watoto waliookolewa katika kazi za utumwani, na mimi siwezi kumkebehi mtu kwa hilo. Lakini huko Kerala kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu, kwa hoja kwamba sheria ya India ya mwaka 1950 inakataza jina la mzee yule kufanyiwa biashara. Mwanzoni mwa 2010 kampuni ikasimamisha mauzo nchini humo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: hasira yako ni halali, na oda yako ni halali, ila usizitoe zote mbili katika baraza moja. Kama muda wa kufuta oda haujapita, futa. Kama umepita, acha kuwahutubia watu kuhusu maskini ukiwa umeichomeka mfukoni.

*Mjomba, nina kalamu ya Alexandre Dumas ya mwaka 1996. Rafiki yangu anasema saini iliyo juu yake si ya Dumas mwenyewe bali ya mwanawe. Nimeibiwa? — Saini ya Mtoto, Brussels*

Hujaibiwa, umebahatika. Baba na mwana walikuwa na jina moja, wote waandishi, na hao Montblanc waliotengeneza kalamu wakachukua saini ya mwana wakaibandika kwenye kalamu ya baba. Walipogundua walirekebisha, lakini zilizokwisha kutoka zilikwisha kutoka. Ndivyo walivyo wakusanyaji: ukiwauzia kalamu yenye mkwaruzo mdogo wanataka fedha zao, ukiwauzia yenye kosa la kampuni wanakuongezea. Usikubali kubadilishiwa.

*Mjomba, kwa nini Montblanc wanapenda sana kutoa kalamu 4,810? Wamefanya utafiti wa soko? — Mhasibu Mstaafu, Mombasa*

Utafiti wa mlima, mzee mwenzangu. 4,810 ndiyo mita za urefu wa Mont Blanc kama walivyozichonga kwenye nibu zao, na idadi ya kalamu wakaifuata hiyo hiyo. Wewe unakesha ukihofia zitakwisha, kumbe uhaba wenyewe umepangwa na jabali. Wangejiita Kilimanjaro tungepata 5,895, yaani kalamu 1,085 zaidi, na watu wangelala.

Nafasi imekwisha. Anayetaka kujibiwa wiki ijayo aniandikie kwa mkono, kwa kalamu hiyo hiyo anayoilalamikia. Lalamiko la kalamu ya wino lililochapwa kwa kompyuta silisomi.