Bwana Nyama Mwenye Mabawa

Itifaki imezingatiwa. Ningewataja wote kwa vyeo vyao, wenyeviti wa vijiji, mapadri, mashekhe na maafisa mifugo wa kuanzia Arua hadi Koboko, lakini mgeni wetu rasmi hana subira na hotuba. Ukimchelewesha, huanza kula kabla ya dua. Nimesimama hapa kumsifu mbung'o.

Msigune. Nchi yetu Uganda ina mazoea ya kugawa heshima kwa wenye sura nzuri. Korongo mwenye taji amepewa bendera, kisha akaongezewa nafasi kwenye nembo ya taifa, akitazamana na swala. Hata mbu, anayefanya kazi zake gizani, amekwisha kututangaza duniani: mwaka 1937 watafiti walikuta katika damu ya mwanamke mmoja wa Omogo kirusi wasichokijua, wakakiita West Nile, na mwaka 1999 jina la mkoa wetu likafika New York, watu wakakimbilia kufunga madirisha. Mbung'o amefanya kazi hapa mchana kweupe, ana kwa ana, na hajapewa hata jina la mtaa.

Nazungumza kama mpigapicha wa ridhaa, yaani mtu anayejinunulia kamera mwenyewe na kusifiwa na shemeji zake. Watu wa aina yangu tuna deni kwa mbung'o ambalo hatulitaji tunapoonyesha picha. Tunasimulia mwanga ulivyokuwa, lenzi tuliyotumia, saa tulizokesha. Aliyetutunzia pori hatumsemi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, hospitali ya misheni pale Mengo ilianza kupokea wagonjwa waliosinzia mpaka wakafa. Mwaka 1903 David Bruce akabaini kwamba anayeyaeneza malale ni mbung'o. Kabla ugonjwa haujatulia, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekwisha kufa Busoga na mwambao wa ziwa. Serikali ya Hesketh Bell ikawahamisha waliobaki hai, ikafunga fukwe. Huku kaskazini ikafanya vivyo hivyo: kati ya 1907 na 1912, wakazi wa eneo la kilomita za mraba zipatazo 13,000, pale Nile inapojibana katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita kama saba, waliondolewa. Mwaka 1910 sehemu ya ardhi hiyo ikawa Pori la Akiba la Bunyoro, na mwaka 1952 ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls.

Basi, unapomwona tembo amesimama chini ya mivumo, jua likimzamia mgongoni, nawe ukaandika chini ya picha yako kwamba hili ni pori ambalo mkono wa binadamu haujaligusa, mshukuru aliyeuondoa huo mkono. Hapo aliposimama tembo huenda palikuwa na uwanja, mafiga, mtoto anafukuza kuku. Picha yetu haionyeshi hayo, kwa sababu mbung'o alipita kwanza akatusafishia fremu.

Zamani afisa wa wanyamapori aliitwa Bwana Nyama. Wengi walivaa kaptula na kofia pana, na wapo waliofanya kazi nzuri. Lakini nani kati yao alilinda mpaka bila mshahara, bila likizo, bila gari lenye rangi ya serikali? Nani aliwazuia wafugaji wasiingize ng'ombe bila kuandika barua hata moja? Rushwa hali. Anachotaka ni damu, na huichukua papo hapo bila kukuzungusha njoo kesho, njoo keshokutwa.

Mlinganishe na mgeni mwingine aliyewahi kupita kwetu. Januari 1910 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka urais wa Marekani mwaka uliotangulia, aliweka kambi ukingoni mwa Nile, mahali panapoitwa Rhino Camp mpaka leo. Alikuja kutafuta vifaru weupe kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Mwanawe Kermit, kijana wa miaka ishirini aliyeacha masomo Harvard kwa muda, ndiye aliyekuwa mpigapicha wa msafara, na kwa kweli alikuwa wa ridhaa kama mimi, ila baba zetu wametofautiana. Alishika kamera kwa mkono mmoja na bunduki kwa mwingine. Baba na mwana waliangusha vifaru tisa, picha zikatoka kitabuni mwaka huohuo, na wasomaji wa kwao wakafurahi sana.

Baadaye wakaja majangili, vita na bei ya pembe. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 hakukuwa na kifaru mweupe aliyebaki West Nile. Vifaru weupe wa aina yao, ile ya kaskazini, duniani kote wamebaki wawili, Najin na binti yake Fatu, wanaolindwa usiku na mchana Ol Pejeta nchini Kenya. Rhino Camp ya leo inajulikana kwa makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini, na kifaru amebaki kwenye kibao tu. Waliommaliza hawakuwa na mabawa. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu mgeni wetu rasmi amesingiziwa mengi.

Tuje kwenye ufundi. Watafiti waliomchunguza mbung'o waligundua kwamba rangi ya bluu humvuta kutoka mbali na nyeusi humshawishi atue. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Uganda na wa Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Liverpool walishona vitambaa vidogo vya sentimita 25 kwa 50, nusu kitambaa cha bluu na nusu chandarua cheusi, wakavitia dawa na kuvisimika kando ya mito ya Arua, Maracha na Koboko, kama ishirini kwa kila kilomita. Sasa mtazame mpigapicha wa ridhaa anayeshuka basi la Kampala asubuhi: jinzi ya bluu, begi jeusi, mkanda mweusi shingoni, kamera nyeusi, lenzi nyeusi. Ameshonwa kwa vipimo vilevile, ila dawa wamesahau. Akifika mtoni anashangaa kwamba ndege wote wamemkimbia na nzi wote wamemjia.

Warsha za upigaji picha hutoza ada kubwa kukufundisha kwamba mtafuta wanyama avae rangi ya majani makavu, akae chini, atulie, asipungepunge mikono. Mbung'o hufundisha hayo bure. Huvutwa na kinachosogea, kwa hiyo anayehangaika huku na huku humpata zaidi kuliko aliyetulia kivulini. Nimewaona vijana wasiojua kukaa kimya hata kanisani wakiwa watulivu mno kando ya Enyau baada ya somo la kwanza.

Mtihani wenyewe uko Murchison. Ukivuka daraja la Pakwach na kuingia hifadhini kwa lango la Tangi, dereva atakwambia jambo moja tu: funga vioo. Joto la bondeni nalo lina maoni yake. Unachagua kuiva au kuumwa. Mbele, twiga amesimama kando ya barabara, mwanga wa jioni umemkalia vizuri mno. Unashusha kioo kwa upana wa lenzi, na kwa upana huohuo mheshimiwa anaingia. Nina picha za twiga nilizozipiga kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiipiga kofi shingo ya dereva, kwa ruhusa yake.

Na kama mnyama wa kupigwa picha, ana kasoro gani? Simba hulala mchana kutwa. Korongo-nyangumi atakusimamisha kwenye matope ya delta kwa saa nne, kisha akupe mgongo. Mbung'o huja mwenyewe. Akitua, mabawa yake hulaliana moja juu ya jingine kama makali ya mkasi, na humo ndani, ukiwa na lenzi ya kupigia vitu vidogo, utaona michoro ya mishipa yenye umbo la shoka ambayo nzi wengine hawana. Akishaanza kunyonya hutulia kabisa. Fokasi haikusumbui. Tatizo ni moja, kwamba mandhari ya nyuma ni mkono wako.

Kwa malezi pia apewe haki yake. Nzi wa chooni hutaga mayai kwa mamia na kuondoka bila kugeuka. Mama mbung'o hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha maziwa humohumo, na baada ya siku tisa au kumi humzaa mkubwa karibu kumzidi yeye mwenyewe. Buu hujichimbia udongoni na kujifungia kwenye ganda gumu. Katika uhai wake wote mama huyu hapati watoto wengi kuliko bibi zetu. Kwa uzazi mdogo namna hiyo amewahi kuhamisha watu kutoka nchi nzima. Mpeni hesabu hizo mwanasiasa yeyote muone kama ataziweza.

Hata hivyo siku zake zimehesabiwa. Pale vitambaa vya bluu viliposimikwa, mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeutokomeza ugonjwa wa malale aina ya gambiense, ule wa kwetu West Nile, usiwe tena tatizo la afya ya jamii. Nilifurahi kama mwananchi. Kama mpigapicha nilibeba kamera nikaenda Koboko, mto Kochi, kumtafuta mheshimiwa kabla hajastaafu.

Nilimkuta mama mmoja mtu mzima ananywesha mbuzi. Kiswahili chake alikipata kwa marehemu mumewe, aliyekuwa mwanajeshi. Nilipomsalimia aliitikia vizuri, kisha akanitazama nimepiga magoti mbele ya kitambaa cha bluu.

"Mwanangu, hicho kitambaa umekipotezea nini?"

Nikamweleza kwamba namtafuta mbung'o, nataka sura yake iliyo safi. Alinyamaza kidogo. Akasema dada yake aliugua malale, akawa anacheka usiku na kulala mchana, kijiji kikasema ana mapepo. Walipomfikisha hospitali walimchoma sindano ya uti wa mgongo, halafu wakampa dawa iliyomuunguza mishipa. Dawa ya enzi hizo ilikuwa melarsoprol, ina arseniki ndani yake, na baadhi ya wagonjwa iliwaua yenyewe. Siku hizi vipo vidonge vya kumeza. Dada yake hakuvingojea.

Sikuwa na sifa ya kumjibu, na hotuba yangu yote niliyokuwa nimeipanga njiani ilikaa kimya mfukoni. Alinionea huruma, nadhani, kwa sababu alisogea akainama karibu yangu, akaanza kumtafuta pamoja nami.

"Ukimpata," akasema, "mpige picha haraka, halafu nipishe nimpige na mimi."

Akaja. Mmoja tu. Alikipita kitambaa, akanizunguka mara mbili, akatua juu ya lenzi, palipo peusi kupita pote. Mama hakungoja picha. Sijui kama alimpata mbung'o, lenzi aliipata.