Nani Aliyekufungia Hii?

Fundi yeyote wa jiji hili, awe wa umeme, wa bomba au wa friji, huanza kazi kwa swali moja: "Mzee, nani aliyekufungia hii?" Kisha anasonya, anatikisa kichwa taratibu na kukaa kimya kidogo ili bei ipate nafasi ya kupanda. Jibu halimhusu. Hata ukimwambia aliyefunga ni yeye mwenyewe mwaka juzi, atasonya vilevile.

Swali hilo limenilia hela nyingi, kwa hiyo nina haki ya kulisema: si swali lenyewe. Swali lenyewe ni "hii imeungana na nini?" Hilo haliulizwi kwa sababu jibu lake haliuzwi dukani. Kapasita inauzwa, floti inauzwa, swichi zinauzwa kwa dazeni. Lakini nenda Kariakoo useme unataka uhusiano uliopo kati ya pampu na taa ya nje, uone kama hawatakuuliza umekula nini asubuhi.

Kwetu ni Kimara, juu mlimani. Maji ya bomba yana siku zake za kuja, kwa hiyo kila mwenye nyumba amejiundia mamlaka yake ya maji: simtanki kubwa chini, simtanki dogo juu ya mnara, na pampu ya kuyapandisha. Ndani ya tanki la juu inaning'inia floti. Maji yakishuka, inashuka nayo na kuiamuru pampu iwake. Yakijaa, inaelea na kuizima. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuuendesha mtambo huo, mradi tu mafundi wasiuguse.

Basi bwana, pampu ikaanza tabia. Asubuhi tanki limejaa pomoni, watu wanaoga, mama watoto anaosha hadi vyombo ambavyo havijatumika. Ikifika saa sita mchana bomba linakohoa, linatema upepo, basi. Pampu nayo kimya, haivumi wala hainguni.

Akaitwa fundi pampu. Aliahidi saa tatu asubuhi, akafika saa tisa alasiri akilalamikia foleni ya Mwenge, ingawa anaishi Mbezi, upande mwingine kabisa. Akauliza nani aliyenifungia. Akasema kapasita imekufa, na hapo sikuwa na la kubisha, maana kweli pampu ya umeme wa nyumbani huhitaji kapasita ili mota ipate msukumo wa kuanza kuzunguka. Akaenda nayo gereji, akarudi nayo jua linazama, akaifunga. Ikanguruma! Maji yakapanda! Akalipwa, akaondoka akipiga mluzi. Kesho yake saa sita, bomba likakohoa.

Akaja fundi bomba. Huyu aliahidi saa mbili, akafika saa kumi, maana fundi bomba ana cheo chake. Akacheka sana kusikia habari za kapasita. "Hao watu wa pampu wanakula hela yako bure, mzee. Hapa tatizo ni floti." Akapanda mnara, akaishusha ya zamani, akafunga mpya, akazungusha tepu nyeupe kila palipokuwa na uzi, hata pasipovuja. Adhana ya magharibi ilimkuta anashuka ngazi. Ghafla pampu ikanguruma. Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mtu aliyetoka kwa mganga. Kesho yake saa sita, kimya.

Fundi umeme ndiye aliyekaribia ukweli, na ndiyo maana namlaumu kuliko wote. Alichomeka testa kwenye waya wa pampu, taa ya testa haikuwaka. "Umeme haufiki hapa," akasema. Maneno ya dhahabu! Mtu mwingine angejiuliza unakwama wapi, angeufuata waya hadi darini. Yeye akabadilisha swichi ya ukutani, iliyokuwa karibu na mkono wake. Alipomaliza kukaza skrubu ya mwisho ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Mnajua kilichofuata.

Tazameni basi mpango ulivyosukwa. Hakuna aliyesema uongo, na kila mmoja aliondoka akiwa na ushahidi kwamba ameponya. Kama fundi mmoja tu angefika saa tatu asubuhi kama alivyoahidi, angemaliza saa tano, angewasha, pampu ingekataa, naye angelazimika kufikiri. Uchelewaji wa mafundi ulikuwa umeshakuwa kifaa kamili katika mfumo wangu wa maji, na kifaa pekee ambacho hakijawahi kuharibika.

Aliyenisaidia hakuja kusaidia. Alikuwa jirani yangu, mzee mstaafu, ambaye alipiga hodi kuja kugomba. "Bwana jirani, hilo pampu lenu ni adui. Taa yenu ya nje ikiwaka tu, nalo linaanza kunguruma. Mtu alale saa ngapi?" Nikamwomba radhi kwa adabu zote za Kiswahili, nikafunga mlango, nikasahau. Halafu masika yakaingia. Mchana mmoja wingu zito likatanda saa nane, dunia ikawa kama magharibi, taa ya nje ikajiwasha, na pampu ikanguruma.

Nikatoka mbio na ngazi. Kulipokucha jua kali, nikapanda tena, nikaivika sensa ya ile taa soksi nyeusi ya shule ya mwanangu. Pampu ikawaka. Nikavua soksi, ikazima. Nikavisha, ikawaka. Mama watoto, akiwa pale chini, aliuliza kwa upole kama kuna mtu wa kumpigia simu.

Ukweli ulikuwa huu. Kabla ya masaibu hayo, kijana mmoja alitufungia taa ya ulinzi. Taa hiyo ina sensa isiyozidi kizibo cha soda, yenye kidude ambacho hubana au kuachia umeme kulingana na mwanga unaokiangukia. Giza likiingia swichi yake ya ndani inafunga njia, kukikucha inaikata. Kijana alitafuta umeme wa karibu, akaukuta waya wa pampu ukipita darini. Ili kuokoa mita chache za waya, akaukata, akaupitisha kwanza kwenye sensa, kisha akaugawa: huku taa, huku pampu. Jioni ile taa iliwaka vizuri sana, tukampa na soda. Kuanzia siku hiyo maji ya kunywa ya nyumba yetu yakawa chini ya amri ya jua, na mafundi watatu waliosoma wakashindwa kujua, kwa sababu taa si idara ya maji.

Ningekuwa mtu wa kusamehe, ningesema ndivyo mambo yalivyo duniani. Lakini sivyo. Hebu fuateni waya wa pampu yangu mpaka mwisho. Maji ya Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, yanashuka yakazungushe ya Kidatu, megawati 204, halafu yanaingia Rufiji na kukuta bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Maji yaleyale yanaajiriwa mara tatu kabla hayajaiona bahari. Umeme wake unakwenda kusukuma maji ya Ruvu kutoka bondeni hadi kwenye matangi ya Kimara. Kwa hiyo maji ya mto mmoja yanayapandisha mlima maji ya mto mwingine, na gridi nzima inabidi izunguke kwa mapigo 50 kila sekunde, umeme unaozalishwa ukilingana muda wote na unaotumika. Kwa kazi hiyo wapo watu wanaokaa zamu usiku na mchana wakitazama maungio tu. Kutoka Mtera mpaka getini kwangu kuna anayejua nini kimeungana na nini. Ni kutoka getini hadi bafuni, hatua ishirini hivi, ndipo elimu inapokatika.

Hata LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ambayo kila mtu anaidhania ni namba tu, imeunganishwa kwa akili kuliko nyumba yangu. Mita nyingi za aina ile hazina mawasiliano yoyote na kompyuta inayouza umeme. Taarifa zote zinabanwa kwenye tarakimu 20, na sehemu ya mfumo inayozibeba kutoka kwenye simu hadi kwenye mita ni wewe mwenyewe, gizani, umeshika tochi kwa meno. Wewe ndiye waya. Ndani ya tarakimu hizo umo pia muda, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilitosha dakika milioni 16.8 hivi tu, ikaishia tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana kabla ya siku hiyo watu waliingiza namba mbili ndefu za ziada kabla ya ile ya umeme, wengi wakinung'unika bila kujua wanaianzisha upya hesabu ya saa iliyoanzia miaka 31 kabla ya hapo. Lakini kulikuwa na mtu aliyekumbuka kwamba saa imeungana na namba, namba imeungana na mita, na mita imeungana na ugali wa watu. Huyo mtu nampigia saluti. Angekuwa kijana wa taa, tungeingia gizani wote, kisha aje fundi atubadilishie balbu.

Sasa nimeweka sheria. Fundi akija kwangu, kabla hajafungua begi, namuuliza: hiki kinapata kutoka wapi, kinapeleka wapi, na nikikizima nini kingine kitazimika? Wengi wananiona mzee msumbufu. Mmoja aliniambia maswali hayo yana bei yake, akayaweka kwenye hesabu chini ya "ushauri." Nikalipa, maana ndiyo hela ya kwanza niliyoitoa kwa kitu nilichokihitaji. Huyo akafuata waya hadi darini, akaitenganisha taa na pampu, tukachora pamoja ramani ya nyumba nzima kwenye karatasi ya manila: mita, breka, pampu, floti, matangi, taa, mpaka kengele ya geti isiyolia. Nimeibandika ukuta wa jikoni. Pampu sasa inawaka mchana, saa yoyote maji yakipungua.

Juzi saa nane mchana, hodi ikapigwa. Jirani, macho mekundu, shuka begani. "Bwana jirani, usiku nilishaizoea. Sasa mmeihamishia kwenye usingizi wangu wa mchana?"

Nikaenda jikoni, nikachukua kalamu nyekundu, nikaichungulia ramani. Yeye hatukuwa tumemchora. Nimemweka pale kati ya pampu na ukuta, na mshale unaokuja kwangu. Natafuta fundi wa jirani. Atakayepatikana afike saa tatu, na iwe saa tatu kweli.