Bichi Bila Bahari

Dar es Salaam ina Mbezi mbili. Ukiishi ile ya Barabara ya Morogoro wewe ni mtu wa Mbezi Luis, basi, yameisha. Mwenzako wa upande wa Barabara ya Bagamoyo anaishi Mbezi Beach, na hilo neno la pili halitamki haraka, asije akalimeza. Huenda nyumba yake iko mbali na maji kiasi cha kupanda bajaji, na mawimbi anayasikia kwenye taarifa ya hali ya hewa. Chumvi ya bahari haimfikii. Ya kodi inamfikia kila mwezi.

Wavuvi wa Kunduchi, wanaokanyaga mchanga tangu alfajiri, hawaendi bichi hata siku moja. Wao wanashuka pwani: wanashona nyavu, wanapara samaki, wanagombana na madalali. Weka hapohapo mwamvuli na kitanda cha kulalia, pwani inapanda cheo na soda inapanda bei. Ukija na maji yako ya chupa, mlinzi anayashika kama mali ya wizi. (Sisi wengine tulidhani bichi ni embe ambalo halijaiva.)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kuta zimeshajengwa humohumo. Mwananchi ukitaka kulowesha miguu, pitia getini, na uanze kwa kulipa kiingilio.